Muulize Shangazi wa Sebule: Zile Skrini Nyeusi za Wachina

Mwezi huu swali ni moja tu, limekuja limevaa nguo tofauti. Mainjinia wa Kichina wakimaliza mkataba wanauza vitu vya nyumba kabla hawajapanda ndege, na katikati ya friji na makochi kuna zile skrini za mbao za kukunja, nyeusi zinang'aa, zina ndege na maua na majumba ya dhahabu, sasa zimeingia kwenye sebule za Kampala na Jinja na Entebbe na watu hawajui wamenunua nini. Na wale mnaoendelea kunitumia mambo ya chumbani, jamani, mimi si ssenga, yule shangazi wa kufunda mabinti mambo ya ndoa, hapa ni fanicha na mambo ya sebule tu.

Shangazi, pole na kazi. Mume wangu alinunua skrini ya Kichina yenye mbao nne kwa bosi wake aliyekuwa anarudi kwao. Ina joka katikati, pembeni ndege wenye miguu mirefu, na juu kwenye kona kuna popo wadogo wadogo. Pasta alipokuja kuombea nyumba akaiangalia akasema hii ni sanamu ya ibada na joka ndiye yule wa Ufunuo, tuichome. Mume amekataa, ati ametoa laki nane. Kwa sasa tunaifichia mtungi wa gesi. Nifanye nini? – Nalongo, Ntinda

Nalongo, weka kiberiti chini kwanza. Laki nane si hela ya kuwashia moto, halafu hicho kitu hakiabudiwi. Wachina wana vitu vyao vya ibada, wana meza ya mababu, wana ubani wa vijiti, wana sanamu za Buddha, skrini haimo humo. Skrini ni fanicha ya heshima na picha zake ni salamu, mwenye kuzijua anaingia sebuleni anazisoma zote kabla hajakaa.

Tuanze na joka maana ndiye mwenye kesi. Joka wa Ufunuo na joka wa Kichina hawajuani kabisa. Huyu wa Kichina ni wa maji, anakaa mitoni na baharini, anapanda mawinguni na kuleta mvua, ndiyo maana ukimwangalia vizuri utakuta kazungukwa na mawingu na chini yake mawimbi. Kwa watu wa kulima mwenye kuleta mvua ni mkubwa, na wafalme wakamchukua wakamfanya wao, joka wa kucha tano akawa wa mfalme. Hebu hesabu kucha za huyo wako. Ukikuta tano usishtuke, siku hizi kila kiwanda kinachora tano.

Hao wenye miguu mirefu ni korongo, na hapo Mganda hahitaji somo, korongo wetu yuko kwenye bendera na ndio jina la timu ya taifa. Wa kwao ana sura yake, mweupe, shingo nyeusi, utosini ana doa jekundu, na maana yake ni umri mrefu. Enzi za Ming na Qing ofisa wa kiraia wa daraja la kwanza kabisa alikuwa anavaa joho lenye korongo kifuani, kwa hiyo korongo ni miaka mingi na cheo pia. Akiwekwa na msonobari basi umri umetakiwa mara mbili, maana ule mti haumwagi majani hata wakati wa baridi kali.

Popo ndio watakuchekesha. Sisi Kampala tuna Bat Valley, popo tunawajua kwa kelele na harufu, hakuna anayemchora sebuleni. Kwa Mchina popo na baraka vinatamkwa sawa, basi popo kwenye kona ya skrini ni baraka, na wakiwa watano ni zile baraka tano zilizotajwa kwenye maandishi yao ya kale: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kifo cha amani ukiwa umemaliza siku zako. Msomee pasta hizo tano polepole halafu muulize ni ipi ambayo yeye haombei waumini wake kila Jumapili.

Mimi ugomvi wangu na nyinyi ni huo mtungi wa gesi. Kwanza ni hatari, mbao na vanishi karibu na jiko. Pili mmempa mtungi heshima ya mfalme! Skrini kazi yake ya kwanza siyo kuficha, kazi yake ni kusimama nyuma ya mtu. Isogezeni nyuma ya kiti cha baba au cha mgeni mkubwa, ifunguke kidogo kwa zigizaga isianguke, na mgeni akiingia aone mtu na nyuma yake zile salamu zote. Mtungi nunulieni pazia la kitenge.

Shangazi, lekchara wetu alisema skrini zilikuwa vitu vya wafalme kabla hazijawa fanicha. Sasa mfalme anahitaji patisheni ya nini na ana ikulu nzima? – Mwanafunzi, Makerere

Lekchara hajakudanganya, na swali lako ni zuri. Patisheni ya mfalme haikuwa ya kugawa chumba, ilikuwa ya kukaa mgongoni kwake. Maandishi ya taratibu za enzi ya Zhou, hapo tunaongea zaidi ya miaka 2,000 nyuma, yanasema mfalme akipokea watu alikuwa anageukia kusini na nyuma yake pana skrini yenye michoro ya shoka, alama ya mamlaka. Na hiyo haikufa. Kwenye ukumbi mkubwa wa Jumba la Kifalme kule Beijing, ule wa Taihe, kiti cha enzi kimewekwa mbele ya skrini iliyochongwa majoka na kupakwa dhahabu juu ya laka, ule utomvu wa mti unaopakwa kama vanishi. Ukitoa ile skrini mfalme anabaki mtu amekaa kwenye jengo kubwa.

Laka yenyewe ni ya zamani kuliko wafalme. Kuna bakuli la mbao lenye laka nyekundu lilichimbuliwa Hemudu, mkoa wa Zhejiang, linakadiriwa kuwa na miaka kama 7,000. Na skrini za kale zilizobaki tumezipata makaburini, kwa sababu zile za juu ya ardhi ziliishia kwenye moto na vita. Mwaka 1972 walifukua kaburi Mawangdui, karibu na Changsha, la mke wa bwana wa Dai, mama aliyezikwa karne ya 2 kabla ya Kristo na mwili wake wakaukuta haujaoza. Alizikwa na vyombo vya laka zaidi ya 100, sahani, masinia, vikombe vyenye maandishi ya kumkaribisha mtu anywe, na kati yao skrini ndogo yenye joka. Yaani miaka 2,100 ardhini na bado inang'aa, sisi huku meza ya dukani inababuka kabla mtoto hajamaliza P7.

Lakini ile ambayo mimi ningelipa nauli kwenda kuiona ni ya Sima Jinlong. Huyu alikuwa mkubwa serikalini enzi ya Wei ya Kaskazini, akafa mwaka 484, kaburi lake lilifukuliwa Datong mwaka 1965 na 1966. Ndani zikapatikana mbao za skrini, urefu wa kama sentimita 80, laka nyekundu mwili mzima, na juu yake watu wamechorwa kwa mistari myeusi myembamba, nyuso nyeupe, nguo zinapepea, na kando ya kila hadithi maandishi. Hadithi zenyewe ni za wanawake wenye busara na watoto wenye kuheshimu wazazi. Kuna pale ambapo mfalme Cheng wa Han kakaa kwenye machela inabebwa, kageuka kumtazama Bibi Ban, mmoja wa wake zake, anayetembea nyuma kwa miguu. Mfalme alimwalika wapande pamoja, akakataa. Sababu yake: kwenye picha za zamani wafalme wema pembeni yao wapo mawaziri wenye akili, ni wale wafalme wa mwisho walioharibu nchi ndio wanachorwa na vipenzi vyao pembeni. Sasa fikiria kitu kama hicho kiko nyumbani, kila siku watoto wanapita wanakiona, hakuna aliyesimama kuwahubiria. China imeiweka kwenye ile orodha ya mwaka 2002 ya vitu 64 vya kale visivyoruhusiwa kutoka nje ya nchi hata kwa maonyesho.

Taizong wa Tang, aliyetawala kuanzia 626 hadi 649, alienda mbali zaidi. Aliandika majina ya magavana wake kwenye skrini, kila mmoja akifanya jema au baya linaandikwa chini ya jina lake, na mfalme anayasoma akiwa kwake. Na waziri wake Wei Zheng, bingwa wa kumsema mfalme usoni, alipomwandikia orodha ya makosa yake kumi, Taizong akaamuru iandikwe kwenye skrini aione asubuhi na jioni. Sitaji ma-RDC, wale wawakilishi wa rais wilayani, wala mtu yeyote hapa, nasema tu skrini moja ya namna hiyo kwa kila wilaya ingetosha.

Kukaa nyuma ya kizuizi nako kulikuwepo. Kuanzia 1861 malkia mama Cixi alitawala kwa kukaa nyuma ya pazia la manjano, mtoto mfalme yuko mbele kwenye kiti, mawaziri wanamsujudia mtoto na sauti inatoka nyuma. Watu wengi wanafikiri hiyo ndiyo maana ya skrini zote, kuficha wanawake, lakini hiyo ni habari ya pazia na ya siasa za wakati ule.

Na sisi Uganda tusijifanye hatulijui jambo hili. Nenda Kasubi kwenye makaburi ya wafalme, ndani ya nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, utakuta pazia la lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, na nyuma yake ni msitu mtakatifu, Kibira, mahali pa wafalme wanne wa Buganda. Nyumba iliungua Machi 2010 ikajengwa tena, na pazia limerudi mahali pake. Tofauti ni upande tu: kwa Mchina mwenye heshima anakaa mbele ya skrini, Kasubi yuko nyuma na wewe ndiye unayeishia mbele. Andika hiyo kwenye kozi weki yako, usimwambie lekchara nani kakupa.

Shikamoo shangazi. Mteja kaniletea picha kwenye simu anataka skrini ya Kichina. Nikamwambia napiga sanding sila, halafu vanishi nyeusi ya kupuliza, inatoka vilevile. Akakataa, ati ya kweli inatoka kwenye mti. Mti gani huo, na naweza kuupata? – Fundi seremala, Ndeeba

Marahaba fundi. Mteja wako anajua anachosema, na kwa bahati mbaya mti huo hatuna. Unamea China, Japani na Korea, na ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Unajua utomvu wa kikonyo cha embe bichi unavyobabua mdomo? Wa mti wa laka ni wa jamii hiyohiyo ila una hasira zaidi, mgeni akiugusa anavimba na kutoka malengelenge, wengine hata mvuke wake tu unawatosha. Wanachanja gome, utomvu unatoka mweupe kama maziwa yaliyochafuka, ukikutana na hewa unageuka kahawia halafu mweusi. Mti mmoja unatoa kidogo mno, wachanjaji wa Kichina wana msemo wao: mwendo wa li mia, mikato elfu, laka jini moja. Li ni nusu kilometa na jini ni nusu kilo, piga hesabu mwenyewe.

Sasa hapa ndipo utashangaa kama fundi. Wewe ukipuliza vanishi unataka jua na upepo, thina iruke, kazi iishe. Laka ya mti haitaki jua. Inaganda kwenye unyevu! Kitu kikishapakwa kinafungiwa kwenye kabati au chumba chenye unyevu wa hewa kama asilimia 70 hadi 80 na joto la wastani, humo kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu kinafanya kazi na oksijeni ya hewani mpaka tabaka linakuwa gumu. Ukilianika linakataa. Kila tabaka ni jembamba sana, linaganda, linasuguliwa, linapakwa lingine, na kwa zile nyekundu za kuchongwa wanapaka matabaka makumi kwa makumi, nyingine zaidi ya 100, ndipo mchongaji anaingia na kisu. Miezi inaisha, kwa kazi kubwa ni miaka. Ikishaganda haiogopi maji, haiogopi pombe, haiogopi chai ya moto, adui yake ni jua.

Rangi pia zina sababu. Nyekundu ni ya madini ya zebaki, nyeusi ni ya chuma au masizi. Nyeupe safi haipatikani kabisa kwa kuchanganya, maana laka yenyewe ina ukahawia wake, ukitia nyeupe inakuwa kama maziwa ya chai. Kwa hiyo zile skrini kubwa za rangi nyingi, zenye nyuso nyeupe na nguo za bluu na kijani, mafundi walizunguka tatizo: ubao unafunikwa kwa kitambaa na tabaka nene la udongo laini, juu yake laka nyeusi, halafu unachimba mchoro kupita laka mpaka kwenye udongo, na lile shimo ndilo unalijaza rangi za kawaida na dhahabu. Pitisha kidole utasikia picha zimezama na mistari myeusi imebaki juu ikizizunguka. Hiyo wanaita kuancai, na Huang Cheng, fundi wa laka wa karne ya 16, aliiandika kwenye kitabu chake cha ufundi. Ilikuwa rahisi kuliko kuchonga laka tupu kwa sababu laka kidogo inafunika eneo kubwa.

Msichanganye na vitu viwili vingine mnavyovipata dukani. Shelaki, ile ya french polishi, inatoka kwa mdudu wa India, si mti. Na ile ya kopo ya kupuliza ni selulosi na thina ya kiwandani. Mteja akikuletea skrini aliyonunua anataka kujua kama ni laka ya kweli, chukua pamba yenye tone moja la thina, sugua mahali pa siri kwenye nyeusi tupu, usiguse penye rangi. Ile ya selulosi inaachia weusi kwenye pamba, laka ya mti iliyoganda haishtuki. Nyingi zinazozunguka mjini zitaachia, nakwambia mapema ili usimvunje mtu moyo mbele ya mkewe.

Ushauri wangu kwako: usimuuzie mteja vanishi ukaiita laka. Mwambie unamtengenezea skrini ya Uganda. Fremu ya mugavu, bawaba nzuri za shaba zinazokunja pande zote mbili, na kwenye mbao za kati ubandike lubugo vizuri kwa gundi, uvutike usiwe na mkunjo, halafu vanishi ya maji isiyong'aa sana, ile rangi ya udongo mwekundu itajisemea. Michoro mwache msanii achore korongo wetu mwenye taji. Bei hiyo utaitaja bila kuangalia chini.

Shangazi, mtalii alikuja kwenye duka langu akaniambia skrini yangu ni ya Coromandel. Nimeangalia kwenye ramani hiyo ni pwani ya India. Nimenunua ya Kihindi au ya Kichina? – Mwenye duka, Entebbe

Ya Kichina, tulia. Coromandel ni njia iliyopita. Karne ya 17, enzi za mfalme Kangxi, skrini za kuancai zilitengenezwa China kwa wingi, na meli za makampuni ya Waingereza na Wafaransa zilizipitisha kwenye bandari za pwani hiyo ya India, Madras ya Waingereza, Pondicherry ya Wafaransa, kabla ya kwenda Ulaya. Mnunuzi wa London au Paris akazipa jina la mahali zilipopakiwa, kama mtu akauziwa kahawa ya Mbale halafu akaiita kahawa ya Mombasa.

Walizipenda vibaya sana, kwa maana zote mbili. Skrini kamili ya zamani ilikuwa na mbao 12, urefu zaidi ya mita mbili, ukiifungua upana unafika kama mita sita, picha moja inaanza ubao wa kwanza inaishia wa mwisho, kuna jumba, wageni wanafika, wanawake kwenye bustani, muziki, watoto. Wazungu wakazikata. Mafundi fanicha wa Paris wakazipasua wakavika makabati na meza za droo, wengine wakazipigilia ukutani kufunika chumba kizima, kwa hiyo unakuta kabati la bei mbaya lina nusu ya farasi na mpanda farasi yuko upande wa pili. Mimi hilo linaniuma hata leo. Coco Chanel, yule mbunifu wa mavazi, naye alijaza nyingi kwenye nyumba yake ya rue Cambon pale Paris, akazisimamisha mpaka mbele ya milango. Mtalii wako labda huko ndiko alikoliona jina.

Yako ya dukani sijaiona, ila kama michoro haikuzama ukipitisha kidole, basi ni picha ya kupakwa na hilo jina usilipandishie bei.

Shangazi huku Moroto skrini yangu imeanza kupasuka mistari midogo na imefifia upande wa dirisha. Niipake mafuta? – Mwalimu, Moroto

Hapana mwalimu, usipake kitu. Hewa ya huko kiangazi ni kavu, ubao unanywea na laka inabaki vilevile, ndio inapasuka, na kufifia ni jua. Itoe dirishani leo, weka bakuli la maji karibu nayo miezi ya ukavu, futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu au brashi laini. Sabuni hapana, ile polishi ya kupuliza hapana, mafuta ya nazi hapana kabisa. Vipande vikianza kunyanyuka usivikandamize na supa gluu, acha ilivyo mpaka upate anayejua.

Shangazi salaam aleikum. Babu yetu anatimiza miaka 80 na sisi wajukuu tunataka kumpa kitu cha kukaa nyumbani, si keki. Mmoja wetu alisoma China anasema kule wazee wanapewa skrini. Ni kweli, na itafaa kwetu Wanubi? – Wajukuu, Bombo

Waaleikum salaam. Ni kweli kabisa, na huyo msomi wenu mpeni soda. Zile skrini kubwa za mbao 12 niliyoongelea juu, nyingi zilikuwa zawadi hasa, mkubwa anatimiza umri au anapanda cheo, marafiki na ndugu na walio chini yake wanachanga wanamtengenezea moja. Mbele wanaweka picha na mojawapo iliyopendwa mno ni ya sherehe ya kuzaliwa ya jenerali Guo Ziyi wa enzi ya Tang. Huyu alizaliwa 697 akafa 781, alimwokolea mfalme nchi wakati wa uasi wa An Lushan, akaishi zaidi ya miaka 80 bila kuangukia ubaya wa ikulu, na akazungukwa na wana, wakwe na wajukuu wengi mpaka ikawa mfano. Kwenye skrini yeye amekaa katikati ya ukumbi, na ukiangalia vizuri nyuma yake na yeye kuna skrini, halafu familia inaingia kwa mistari, wengine wamebeba zawadi, watoto wanakimbia uani. Ukimpa mzee picha hiyo umemwambia wewe ndiye Guo Ziyi wetu.

Nyuma sasa ndiko mnakotaka nyinyi. Upande wa nyuma wa skrini hizo waliandika maneno ya kumsifu mzee, maisha yake, kazi alizofanya, tarehe, na majina ya waliochanga. Watafiti wa leo wanazitambua tarehe kwa kusoma huko nyuma, mbele watu wanapenda picha tu.

Kufaa kwa Wanubi itafaa, mbona, na kama mzee hapendi picha za watu na wanyama kwa ajili ya dini, wekeni maua na matawi, peoni, bambuu, maua ya mplamu, Wachina wana skrini nyingi za maua matupu. Au muacheni Mchina pembeni, yule fundi wa Ndeeba wa hapo juu sasa hivi ana kazi ya kujifunza, na mabinti wa Bombo wanaosuka vile vitanga vya rangi wanaweza kuwapa mistari ya mchoro wa fremu, Mchina hawezi kuwashinda kwenye hilo. Mbao nne au sita zinatosha, 12 haziingii kwenye nyumba ya mzee.

Mambo ya nyuma msiyaharakishe. Kaeni na babu jioni kadhaa kabla, awaambie mwenyewe alizaliwa wapi, alifanya kazi wapi, alijenga lini hiyo nyumba, mambo ambayo kila mjukuu anayajua nusu, halafu mkate maneno yawe machache. Majina yaandikwe yote, na ya wakwe pia, na ya mabinti walioolewa mbali, maana jina likisahauliwa hapo mtaulizwa mpaka kwenye arobaini. Acheni nafasi tupu chini kwa wajukuu watakaozaliwa. Na mwandishi mtafuteni mwenye mkono mzuri hasa, kama kuna mwalimu wa madrasa anayeandika khati nzuri ndiye huyo, msiende kwa yule anayeandika mabango ya saluni.